Mshauri Mwelekezi na "Shauri Yako"

Sisi wanafunzi wa Uganda tuliokipata Kiswahili shuleni, si nyumbani, hujikwaa kwenye maneno ambayo wazawa wa lugha huyapita bila kutazama chini. Mimi nilijikwaa kwenye neno shauri. Darasani nilifundishwa kuwa ni maoni anayopewa mtu ili aamue jambo. Mahakamani shauri ni kesi. Mtaani, mtu asiyesikia la mwenzake huambiwa "shauri yako" (mhadhiri wetu husahihisha kila mara: "shauri lako"), yaani litakalokupata utalibeba mwenyewe. Neno moja, na ndani yake mna maoni, mzigo na kesi. Nililikumbuka niliposoma habari za wale ambao Watanzania huwaita washauri waelekezi.

Jina hilo naliona lina majivuno. Anayeshauri humwachia mwenye jambo uamuzi. Anayeelekeza njia tunategemea awe ameipita, au aongozane nasi. Mshauri mwelekezi huandika ripoti, hulipwa, kisha huondoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, iliwauliza McKinsey simu za mkononi zingekuwa ngapi ifikapo mwaka 2000. Jibu lilikuwa kama 900,000. Ulipofika mwaka huo, Marekani peke yake ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 100. Kukosea kubashiri si dhambi. Simu za wakati ule zilikuwa nzito kama tofali na bei yake haikushikika. Mimi nauliza tu ni nani aliyelipia kosa. AT&T walichelewa kuingia katika biashara hiyo, na mwaka 1994 wakalazimika kuinunua kampuni ya McCaw kwa zaidi ya dola bilioni 11. McKinsey waliendelea kushauri.

Afrika Kusini ndiko maana zote tatu za neno letu zilikokutana. Shirika la umeme la Eskom liliwaajiri McKinsey, wakishirikiana na kampuni ya hapohapo iitwayo Trillian iliyokuwa karibu na watu wa familia ya Gupta. Kazi ilidumu miezi michache tu mwaka 2016, lakini malipo yalihesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya randi. Kelele zilipozidi, mwaka 2018 McKinsey walikubali kurudisha karibu randi bilioni 1. Desemba 2024 tawi lao la Afrika likakubali kulipa zaidi ya dola milioni 122 kumaliza mashtaka ya rushwa yaliyofunguliwa Marekani. Nisiwasingizie: umeme wa Afrika Kusini ulianza kukatika kabla yao. Ila tazama mwendo wa neno. Kilichoanza kuwa ushauri kiliishia kuwa shauri la mahakama, na giza likabaki kuwa shauri lao wananchi.

Mariana Mazzucato na Rosie Collington wameandika juu ya mambo haya katika The Big Con, kitabu cha 2023. Wanasema serikali inayonunua fikra kila siku husahau kufikiri, na kwamba washauri hupata faida kubwa kuliko hatari wanayoibeba. Nakubaliana nao. Lakini kitabu chao ni cha serikali na makampuni makubwa. Nilipokifunga nilijisikia salama mno, kana kwamba mwelekezi ni mtu wa suti anayeshuka kwenye ndege, asiyefanana nami.

Sikiliza bweni letu usiku. Huyu anatabiri kazi ambazo akili mnemba itazifuta, yule anamaliza vita vya Ukraine kabla chai haijapoa, mwingine anajua sarafu ipi itaiangusha dola. Hatuna ripoti, hatulipwi, ila lugha ni ileile: "lazima", "bila shaka", "ndani ya miaka mitano". Wengi wetu maneno hayo hayatoki nje ya bweni. Yangu yalitoka.

Mama yangu mdogo alikuwa wakala wa pesa za simu huko Arua: kibanda cha mbao, mwavuli wa njano, daftari. Kodi ya asilimia 1 iliyowekwa kwenye miamala Julai 2018 ilimtikisa, lakini hakufunga. Ilikuja kupunguzwa, naye akaendelea. Miaka kadhaa baadaye, likizo yangu ya kwanza ya chuo, nilimwambia mawakala wamekwisha, kwamba kila mtu atalipa kwa programu ndani ya simu yake. Nilikuwa nimesoma makala mawili. Alinitazama akasema, "Wewe ndiye msomi wetu, mwanangu." Akauza kibanda, akanunua mitumba.

Kibanda kipo hadi leo. Aliyekinunua ameongeza dirisha la pili, na siku ya soko foleni hufika barabarani. Mitumba haikumlipa mama mdogo. Mimi nilirudi Kampala kuanza muhula, na chakula cha chuo hakikupungua hata kijiko. Hajawahi kunilaumu, wala kuniambia shauri yangu. Pengine kwa sababu haikuwa yangu, ilikuwa yake.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Anafikiria kukopa anunue jokofu auze maji baridi, akataka kujua naonaje. Nilimwuliza riba ni kiasi gani, na umeme huko unakatika mara ngapi kwa wiki. Akanijibu yote mawili, kisha akanyamaza akinisubiri. Nilimwambia nitampigia. Bado sijampigia.