Uhakiki wa Muundo wa Chaguo la Lazima katika Upimaji-Badilifu wa Haiba

Katika upimaji-badilifu, kompyuta huteua kila kipengele cha hojaji kwa kuzingatia majibu yaliyotangulia. Kwa muda mrefu hojaji za haiba zimeegemea skeli iliyoasisiwa na Rensis Likert mwaka 1932, ambapo mhojiwa hueleza kiwango cha kukubaliana na kauli moja moja. Udhaifu wake unafahamika: mwombaji kazi aweza kukubaliana na kila kauli inayomsifu. Muundo wa chaguo la lazima unakusudia kuuziba mwanya huo. Mhojiwa hupewa kauli mbili zenye mvuto unaolingana, naye huchagua inayomwelezea zaidi.

Uhakiki huu unajikita katika modeli ya Stark, Chernyshenko na Drasgow (2005), iliyo msingi wa TAPAS, kipimo-badilifu cha haiba cha waombaji wa Jeshi la Marekani. Ubora wake ni wa kihesabu. Katika ukokotoaji wa awali wa muundo huu, jumla ya alama ilikuwa ileile kwa wahojiwa wote. Aliyezidi katika sifa moja alipungukiwa katika nyingine, hivyo kumlinganisha mtu na mwenzake hakukuwa na mashiko. Modeli hii inavuka kikwazo hicho, kwa sehemu kwa kuchanganya jozi chache ambazo kauli zake zote mbili hupima sifa moja.

Hata hivyo, dhana yake kuu inahitaji kusailiwa. Vigezo vya kila kauli hukadiriwa kauli ikiwa peke yake, kisha huchukuliwa kuwa havibadiliki ndani ya jozi. Mvuto wa kauli nao hupimwa kabla. Lakini kauli “Napenda kuwaongoza wenzangu” haina mvuto uleule kwa anayeomba umeneja na anayeomba utunzaji wa nyaraka. Ulinganifu ukivunjika, upenyo wa kujipamba hurejea. Ubadilifu huzidisha tatizo, kwa kuwa jozi huundwa papo hapo: kauli 100 tu zaweza kuzaa jozi 4,950, na si rahisi kuzijaribu zote.

Kwa mtafiti wa Kiswahili, basi, usahihi wa tafsiri hautoshi. “Husema wazi mbele ya wakubwa” yaweza kuwa sifa kwa jamii moja na utovu wa adabu kwa nyingine. Muundo huu unastahili kupokelewa, ila kwa sharti kwamba mvuto wa kauli upimwe upya miongoni mwa wahojiwa walengwa, katika mazingira halisi ya matumizi. Bila ushahidi huo, alama zake zisitumiwe kumkubali wala kumkataa mwombaji yeyote.