Baba Yuko Wapi? Mama wa Kambo katika Ngano na katika Mji Wetu

Katika mtihani wa fasihi simulizi wa mwaka wa pili tulipewa ngano moja ya mama wa kambo, tukaambiwa tueleze dhamira yake. Niliandika walivyoandika wenzangu: ukatili wa mama wa kambo kwa mtoto yatima, na kwamba mwovu mwishowe huumbuka. Nilipata alama nzuri. Nikilikumbuka jibu lile leo naona haya, kwa sababu siku niliyoliandika dada yangu alikuwa na miezi minne ya kuwa mama wa kambo, na hapakuwa na sentensi hata moja ndani yake ambayo ningethubutu kumsomea.

Ngano hizi msomaji anazijua. Mama anafariki, baba anaoa tena, mke mpya anazaa binti wake. Wali ukiiva, binti anapakuliwa wali na yatima anaachiwa ukoko. Yatima anatumwa kisimani wakati wenzake wamelala. Kwenye kaburi la mama yake panaota mti, naye anakwenda kulia chini yake. Majina na vyakula hubadilika toka pwani hadi bara, lakini ukiisikia moja unaweza kuikisia nyingine.

Sasa mtazame baba. Katika msuko mzima anafanya tendo moja tu, nalo ni kuoa. Baada ya hapo yuko safarini, au shambani, au mtambaji amemsahau tu. Ukoko unapogawiwa hayupo. Yatima anaporudi na mtungi usiku, hayupo. Wahadhiri wetu hutufundisha kwamba mama wa kambo ni mhusika bapa, na ni kweli. Ila mhusika bapa angalau anaonekana. Baba ndiye aliyemleta mwanamke huyu nyumbani, ndiye aliyemwachia mtoto asiyemzaa, halafu hadhira inaondoka bila mtu yeyote kuuliza alikuwa wapi. Nadhani hiyo ndiyo dhamira niliyopaswa kuiandika: ngano ya mama wa kambo ni ngano ya baba aliyeondolewa jukwaani kabla hajaulizwa swali.

Kwamba mwovu wa hadithi anaweza kuchaguliwa, tunao mfano ulioandikwa. Ndugu Jacob na Wilhelm Grimm wa Ujerumani walipotoa mkusanyiko wao wa kwanza mwaka 1812, mwanamke aliyetaka Schneewittchen auawe alikuwa mama yake mzazi. Katika toleo la 1819 akawa mama wa kambo. Yule wa Hansel na Gretel, aliyeshauri watoto wakatupwe msituni, naye alikuwa mama yao hadi toleo la 1840 lilipomgeuza kuwa wa kambo. Matendo yalibaki yale yale. Aliyebadilika ni mtendaji. Uovu ambao wasomaji wasingependa kuuona kwa mama mzazi ulihamishiwa kwa mwanamke ambaye hakuna angemtetea. Ngano zetu hazikupitia kalamu ya ndugu hao, lakini tangu nisome habari hii nimeshindwa kumsikiliza mama wa kambo wa ngano yoyote bila kujiuliza anabeba mzigo wa nani.

Dada yangu ameolewa katika mji mdogo kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Mutukula, mpakani na Tanzania. Ni mji wa mtaa mmoja mrefu: maduka, gereji, kanisa, msikiti, soko, na malori yanayopita usiku na mchana. Kiswahili changu cha kwanza nilikisikia kwa madereva wa barabara ile. Miezi mitatu baada ya arusi, Jumapili mchana, bibi mmoja alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba akiwa na mvulana wa miaka mitano, mfuko wa nguo na kadi ya chanjo. Dada akapiga magoti akamsalimu mgeni, kama ilivyo desturi kwetu, akamkaribisha ndani. Bibi akasema amemleta mtoto kwao. Hakukosea: kwa Waganda mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na bibi yule alikuwa amelea vya kutosha. Shemeji yangu aliporudi jioni alisema, "Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukuambia."

Kesho yake asubuhi alikwenda kazini. Na mji mzima ukaanza kumtazama dada.

Hapa ndipo ninapoona nguvu ya ngano, nguvu ambayo hatuijadili darasani tunapoorodhesha sifa za wahusika. Mji mdogo ni hadhira inayojua hadithi inavyokwenda, na humsubiri mhusika afike mahali pake. Mvulana alipenda ukoko. Watoto wengi wanaupenda, hasa ukiwekewa sukari. Siku moja alikaa kizingitini na sufuria mapajani akiukwangua kwa kijiko, amefurahi kabisa. Jirani akapita, akasalimu, akaangalia sufuria. Kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika sokoni. Dada hakuulizwa kitu. Tangu siku hiyo sufuria aliikwangua mwenyewe, jikoni, mlango umefungwa, na mtoto akanyimwa kitu alichokipenda ili watu waone kwamba hanyimwi kitu.

Lugha nayo ina sehemu yake. Kwa Kiganda mama wa kambo wako ni *muka kitange*, yaani mke wa baba yangu. Neno hilo linamtaja mume na kumruka mtoto. Kiswahili kinamwita mama, halafu kinaongeza "wa kambo" kana kwamba kimejuta. Wengine husema mama mdogo, jina analoitwa pia mdogo wa mama, na kwa maoni yangu hilo ndilo lenye adabu zaidi. Mvulana mwenyewe kwa wiki kadhaa hakumwita jina lolote. Alikuwa anakuja kusimama karibu naye, anangoja atazamwe, ndipo anaanza kusema.

Kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza: Mama nanihii. Dada aliishi na mvulana mwaka mzima, akampeleka shule, akamuuguza malaria, na majirani wakaendelea kumwita bibi arusi. Alipojifungua mwaka jana, siku ile ile ya kurudi toka hospitali akawa Mama wa yule kichanga. Methali mbili za Kiswahili zinabishana juu ya jambo hili. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," inasema moja. "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana," inajibu nyingine. Vitabu vyetu vya shule vinaziorodhesha zote mbili bila kuona kwamba haziwezi kukaa chumba kimoja kwa amani.

Nilimwonyesha dada rasimu ya makala haya. Alinikatiza mahali pamoja. Alisema nisimlaumu sana jirani wa sufuria, kwa sababu wapo watoto wanaopewa ukoko kwa ubaya, na mtoto wa namna hiyo angehitaji jirani anayechungulia. Siwezi kumpinga. Ngano inamfundisha mtu kuuangalia mkono unaopakua, na pengine kuna mtoto aliyeokoka kwa sababu hiyo. Ninacholalamikia ni kwamba jicho hilo haligeuki kamwe upande wa pili wa nyumba. Katika mwaka huo wote sijasikia mtu akimsimamisha shemeji yangu njiani amuulize mtoto amekula nini.

Likizo iliyopita mvulana aliniomba hadithi kabla ya kulala. Nikajaribu ile ya yatima, lakini niliyoitengeneza upya: baba harudi safarini, anabaki nyumbani, anapakua wali mwenyewe, wote wanakula sawa. Alisikiliza kwa heshima hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba katika hadithi hiyo hakuna kitu kilichotokea, na akaniomba ile ya Wakayima, sungura.