Mzigo wa Mshiriki: Utunzi wa Mashine katika Star Trek: Voyager

Sehemu iitwayo Author, Author ya tamthilia ya televisheni ya Marekani Star Trek: Voyager, iliyorushwa Aprili 2001, inamsawiri daktari wa hologramu, mashine yenye umbo la mtu lililofanyizwa kwa mwanga, akitunga riwaya ya uhalisia pepe. Msomaji huingia ndani ya hadithi na kuvaa nafsi ya mhusika mkuu, daktari wa hologramu anayedhulumiwa na mabaharia wa anga.

Kifani, riwaya hiyo ni dhaifu. Dibaji yake ni ndefu na ya kujitukuza. Wahusika ni wenzake mtunzi waliobadilishwa majina na kufanywa bapa. Nahodha anamuua mgonjwa mahututi ili daktari amhudumie afisa aliyeumia kidogo. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba hatuonyeshwi mshiriki yeyote akibadili mkondo wa matukio. Fanani wa jadi husubiri kuitikiwa. Huyu anamwingiza msomaji jukwaani kisha anamfunga mdomo.

Kipo, hata hivyo, kipengele kilichofaulu: mzigo. Kifaa ambacho daktari huvaa mkononi ni kidogo, lakini riwayani mshiriki hubebeshwa dude zito mgongoni. Ni chuku, nayo inauumiza mwili kabla ya hoja yoyote kutolewa.

Mchapishaji anaisambaza rasimu bila idhini, akidai hologramu si mtu kisheria. Mwamuzi anakataa kumtangaza daktari kuwa mtu, lakini anampa haki za msanii. Ubora wa kazi haukuwa kigezo, na ilistahili hivyo (ni wanadamu wangapi wangebaki na hakimiliki kwa kipimo cha ustadi?). Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, nayo ya 2001, humhesabu kuwa mtunzi wa kazi iliyozalishwa na kompyuta yule aliyefanya matayarisho yaliyohitajika ili kazi iundwe. Ya Uganda ya 2006 huanza na binadamu aliyeitunga. Kwa kanuni ya Kenya, malalamiko ya daktari yangeweza kuwa mali ya wanaolalamikiwa, iwapo wangehesabiwa kuwa ndio waliofanya matayarisho hayo. Wanaotunga sera za akili unde wakiuliza tu kama mashine hutunga vizuri, suala hili la umiliki litawapita.

Katika onyesho la mwisho, hologramu wenye sura ya daktari wanafanya kazi ya sulubu mgodini. Mmoja anampendekezea mwenzake riwaya ile.