Kete Hazifi: Uhakiki wa Karatasi ya Kanuni za Igisoro

Kundi letu la wachezaji wa igisoro hapa Kanombe lilivunjika mwaka 2020, mikusanyiko ilipopigwa marufuku kwa sababu ya korona. Zilibaki mbao mbili, moja imepasuka ukingoni. Mwaka huu wanafunzi wachache tumeamua kulifufua kundi hilo, na mwenzetu mmoja akajitolea kuandika kanuni kwa Kiswahili ili hata asiyeujua mchezo aweze kuanza. Karatasi hiyo ya kurasa mbili ndiyo ninayoihakiki hapa. Huenda msomaji akauliza karatasi ya kanuni ina nini cha kuhakikiwa. Nami niliuliza hivyo hivyo, mpaka nilipoisoma kwa sauti mbele ya watu.

Kwanza nimpe mwandishi haki yake. Mambo ya msingi ameyaeleza vizuri: ubao una safu 4 za mashimo manane manane, kete ni 64, kila mchezaji ana kete 32 na safu mbili zilizo upande wake, na anayeishiwa na mashimo yenye kete mbili au zaidi ameshindwa, kwa kuwa hana pa kuanzia. Mtu akisoma hapo anaweza kukaa na kucheza.

Tatizo ni msamiati. Sentensi ya kwanza inauita igisoro “mchezo wa vita”, na kuanzia hapo kete ni askari, safu ya mbele ni uwanja wa mapambano, mpinzani ni adui, na kete zikichukuliwa “zimeuawa”. Nilipofika kwenye neno hilo, mzee mmoja ambaye amecheza tangu utotoni alinikatiza: “Mwanangu, hao waliouawa wamezikwa wapi? Mbona kete zote ziko hapa?”

Watu walicheka, lakini swali la mzee ni uhakiki kamili. Katika sataranji kinacholiwa huondolewa ubaoni, kikawekwa pembeni, na ubao huzidi kuwa mtupu. Hapo neno kuua lina maana. Katika igisoro kete zilizochukuliwa hugawiwa moja moja katika mashimo ya aliyezichukua, na zamu chache baadaye zinaweza kurudi zilikotoka. Mchezo huanza na kete 64 na kuisha na kete 64. Kinachobadilika ni nani anazo. Mwandishi anayesema kete zimekufa anamfundisha mgeni jambo la uongo kuhusu ubao ulio mbele ya macho yake, na mgeni huyo atashangaa “maiti” zikianza kumshambulia.

Kosa hili linauma zaidi kwa sababu Kiswahili hakikuwa na haja ya kuazima. Pwani na visiwani kuna bao, ndugu wa igisoro, lenye mashimo 32 na kete 64 vilevile, na wachezaji wake walikwisha kutunga istilahi zao. Mchezaji hula kete. Zamu ya kula huitwa mtaji. Asipoweza kula, anatakasa. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, amelala. Kuna shimo la mraba liitwalo nyumba. Tazama maneno hayo yanatoka wapi: jikoni, sokoni, chumbani. Alexander de Voogt alipochunguza ubingwa wa bao Zanzibar, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kiitwacho Limits of the Mind, hakuweza kuyakwepa. Ilimbidi ayatumie maneno ya wachezaji wenyewe. Kama mgeni aliyaona yanafaa, sisi tunaosomea lugha hii tunayarukaje?

Nakubali kwamba hoja yangu ina tundu. Bao si mchezo wa upole. Watu hukejeliana, na mshindi husema amemfunga mwenzake, kama katika mpira. Igisoro nao una ukali wake: ukila, unachukua kete za safu ya mbele na za safu ya nyuma ya mpinzani kwa pamoja, ilhali katika bao huliwa za mbele tu. Anayeona vita hapo hajaota. Lakini kuona mfano wa vita ni jambo moja, na kuufanya mfano huo kuwa istilahi ya mchezo wote ni jingine.

Tena hatuandiki hewani. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini Wanyarwanda wengi bado wanakihusisha na jeshi, au na biashara na mitaa ya Nyamirambo. Hapa Kanombe tuna kambi ya jeshi. Kijana akikutana na Kiswahili chetu kwenye karatasi ikimwambia aue adui, tutakuwa tumemthibitishia alichokwisha kusikia. Hapahapa Kanombe kuna ikulu ya zamani, leo Makumbusho ya Sanaa ya Rwanda, ambako ndege ya Rais Habyarimana iliangukia bustanini tarehe 6 Aprili 1994, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Katika nchi hii neno adui lilitumika kuwaita majirani. Mwenzetu hakukusudia lolote baya. Amezoea michezo ya vita ya kompyuta, basi. Ila mwandishi huwajibika kwa maneno aliyoyachagua, na kwa mahali alipoyaandikia.

Kasoro ya pili ni ndogo. Ukurasa wa mwisho unataja “nyumba”, ambayo ni ya bao, igisoro hauna. Ifutwe tu.

Ukurasa wa kwanza tumekwisha kuuandika upya: kete ni kete, kuua kumekuwa kula, askari wameondoka. Neno la kumwita anayekaa ng’ambo ya ubao bado halijapatikana. Mimi nilipendekeza mpinzani. Mzee anasema yeye siku zote amemwita mgeni, kwa sababu ndiye anayepewa kigoda kwanza.