Pandora haina mchimbaji

Wandugu, kila mara sehemu mpya ya Avatar inapotoka, mabishano yanaanza tena. Ilikuwa vile mwaka 2022, ikawa vile Desemba 2025. Kundi moja linasema halijawahi kuona picha nzuri kama zile. Kundi la pili linajibu: picha nzuri, sawa, lakini hadithi iko wapi? Mzungu anafika kwa wenyeji, anapendana na binti wa chifu, kisha anawaongoza vitani kuliko wao wenyewe. Hadithi ya zamani, wameipaka tu rangi ya bluu.

Mimi naona makundi yote mawili yanaacha swali ambalo sisi watu wa Katanga tungepaswa kuliuliza wa kwanza: katika filamu nzima inayohusu mgodi, nani anachimba? Nitazungumzia ile ya kwanza peke yake, ya 2009, juu njo ile iliyojenga mambo yote.

Kwa wale wasioiona, kwa ufupi. Ni mwaka 2154. Kampuni kutoka Duniani inachimba kwenye Pandora, mwezi wa sayari ya mbali sana, jiwe linaloitwa unobtainium. Kilo moja inauzwa milioni 20. Wenyeji, Wana'vi, wako warefu, ngozi ya bluu, na mkia. Kijiji chao kiko ndani ya mti mmoja mkubwa ajabu, na chini ya ule mti njo kuna akiba ya jiwe kubwa kuliko zote za karibu. Jake Sully, mwanajeshi wa zamani aliyepooza miguu, anapewa mwili wa Kina'vi aingie kati yao. Anaingia, anampenda Neytiri, anageuka upande. Kampuni inauangusha mti kwa makombora. Vita inapigwa, wenyeji wanashinda, wanadamu wanarudishwa kwao.

Upande wa picha hakuna mabishano. James Cameron, yule wa Titanic, aliwafunga waigizaji kamera ndogo mbele ya uso, ili kila msogeo wa jicho na mdomo uhamie kwenye uso wa bluu. Mtaalamu wa isimu, Paul Frommer, alitunga lugha ya Wana'vi. Filamu iliingiza zaidi ya dola bilioni 2.7 mara ya kwanza ilipoonyeshwa. Kwenye Oscar za 2010 iliteuliwa mara 9 ikapata 3, zote za upande wa macho: upigaji picha, mandhari na picha za kompyuta. Ile ya filamu bora ilikwenda kwa The Hurt Locker. Ni kama wale waamuzi nao walikuwa kundi la pili: macho ndiyo, hadithi hapana.

Lakini kuna watazamaji ambao hawakuhesabiwa. Watu wa London na Los Angeles waliiona kwenye ekrani kubwa, miwani ya 3D machoni. Sisi wengi tuliiona kwenye DVD ya kukopishwa. Mimi niliiona Katuba, Noeli ya 2011, kwa jirani, watu kumi na wawili mbele ya televisheni moja, jenereta ikinguruma nje. Ule msitu unaong'aa usiku, ambao watu waliulipia tiketi ya bei kali, kwetu ulikuwa madoa ya kijani na zambarau. Kama ni kweli kwamba ukiondoa uzuri wa picha hakuna kinachobaki, basi tungelala. Hatukulala. Walicheka juu ya mikia, walipigia kelele wale ndege wakubwa, na mti ulipoanguka chumba kizima kilinyamaza. Mama mmoja alijishika mdomo. Kwa hiyo wale wanaosema hadithi haina nguvu, waje waiangalie bila miwani. Mtu kuondolewa kwake juu ya kitu kilicho chini ya miguu yake: hiyo haihitaji 3D.

Katika kile kimya, kijana mmoja aliyekuwa ametoka Kolwezi kwa sikukuu akasema: "Ile mawe ingekuwa chini ya nyumba yetu, siye njo tungechimba ba kwanza." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Miaka mitatu baadaye ikatokea Kasulo. Mnamo 2014, katika mtaa ule wa Kolwezi, mkaaji alichimba kwenye kiwanja chake akakuta kobalti. Habari ikaenea, na watu wakaanza kutoboa sakafu za nyumba zao wenyewe. Shimo chumbani, shimo sebuleni, mifuko ya madini mlangoni. Hakuna ndege iliyowatupia kombora. Waliuchimba mti wao kutoka ndani, kwa sururu, huku wangali wanalala humo. Juu ya nini? Juu ya minervali, juu ya hospitali, juu ya mchele. Tunajua, maana wengi wetu tunaosoma hapa, diploma zetu zimelipwa na mkono wa yaya au mjomba aliyeshuka shimoni.

Sasa rudi kwenye filamu utafute mtu wa namna ile. Hayuko. Mgodi wa Pandora unachimbwa na mashine kubwa kama nyumba, hatuoni mkono wa mfanyakazi. Jiwe lenyewe tunaliona vizuri juu ya meza ya mkubwa wa kampuni, linaelea hewani, safi, kama pambo. Na upande wa wenyeji Cameron amefunga mlango mapema: Jake anawaeleza wanadamu kwamba hakuna kitu walicho nacho ambacho Wana'vi wanakitaka, si bia, si suruali za jinzi. Hadithi inauhitaji ule mlango ufungwe. Siku Mna'vi mmoja angekuwa na mtoto mgonjwa na dawa iko kwenye kambi ya wanadamu, filamu ingekuwa nyingine kabisa. Angeweza kuwa mzuri, mwenye kuipenda ardhi yake kwa moyo wote, na bado asubuhi akachukua koleo.

Kuna hata shule, na filamu inaipita mbio. Neytiri anajua Kiingereza kwa sababu alisoma kwenye shule ya daktari Grace Augustine, ile iliyofungwa baada ya damu kumwagika. Yaani kabla ya Jake kufika walikuwako Wana'vi waliosoma, wanaojua lugha ya kampuni na desturi ya kijiji. Hao njo sisi, wandugu. Lakini kazi ya kusimama katikati anapewa Jake, aliyevuka kwa mashine kwa miezi michache. Waliosoma wanabaki kushika upinde.

Usiniambie Cameron hakutufikiria. Alijua anasema habari za nani. Kanali Quaritch anajisifu kwamba alipigana Nigeria. Jake alipigana Venezuela. Sauti na nyuso za Wana'vi wakubwa ni za Zoe Saldaña, CCH Pounder, Laz Alonso na Wes Studi, watu weusi na Mcherokee. Wakubwa wa kampuni na jeshi ni wazungu. Filamu inatuonyesha bila kututaja, na inatuonyesha tukiwa wasafi.

Hapa njo kuna hatari yenyewe. Malalamiko ya "mzungu mwokozi" ni ya kweli, ila yanahusu nani anaongoza. Mimi nalalamikia kipimo ambacho filamu inakiacha kichwani mwetu: kwamba mwenyeji anastahili kuhurumiwa kwa sababu hataki chochote. Mtazamaji analia kwa ajili ya mti, anatoka, kesho yake anakutana na mchimbaji mwenye matope mpaka shingoni, na huyo hafaulu kile kipimo. Nimewasikia watu wenye digrii, hapa hapa muji, wakisema: "Bale makrezere njo banaharibu inchi." Mtu anayemlilia Neytiri na kumtukana krezere ametazama filamu moja akaacha kutazama nyingine iliyo mlangoni pake.

Mtu atanijibu: ni filme tu, acha watu wafurahi. Sawa. Lakini tazama watu walifanya nini nayo, utaona kwamba haikubaki filme tu.

Januari 2010 CNN ilitoa habari za watazamaji waliopatwa na huzuni nzito baada ya kuitazama, wengine wakisema dunia yetu inaonekana kijivu na hawataki kuamka ndani yake. Mwezi ule ule, kule Zhangjiajie nchini China, wakubwa wa eneo walibadilisha jina la nguzo moja ya mlima wakaipa la milima inayoelea ya Avatar, ili watalii waje. Mmoja analilia Pandora, mwingine anaiuza. Wote wawili wamebaki na picha mkononi.

Wengine waliichukua kama chombo. Februari 2010, Wapalestina wa kijiji cha Bil'in walijipaka bluu, wakavaa masikio na mikia, wakaandamana kupinga kizuizi kilichokata mashamba yao. Walijua kamera zingekuja, na zilikuja. India, watu wa Dongria Kondh katika milima ya Niyamgiri walikuwa wanapambana na mpango wa kuchimba boksiti kwenye mlima wanaouheshimu kama mungu. Shirika la Survival International lilitoa tangazo katika gazeti la sinema la Variety likimwomba Cameron msaada, likisema hadithi yake inatokea kweli. Dunia ikageuza shingo.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo haikupigwa picha. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya India ilisema mikutano ya vijiji iamue. Vijiji 12 vilikaa, vikasikiliza, vikapiga kura. Vyote 12 vilikataa. Mwaka 2010 Cameron mwenyewe alikwenda Brazili, mto Xingu, kusimama na wenyeji waliopinga bwawa la Belo Monte. Yeye mwenyewe, jina lake na kamera zake. Bwawa lilijengwa. Pale penye sheria mkononi mwa kijiji, mlima ulibaki. Pale penye Jake Sully wa kweli, mto ulifungwa. Sisemi sababu ilikuwa ile moja peke yake, mambo ya inchi mbili hayalingani hivyo. Nasema umaarufu wa filamu uliwaletea wageni na kelele. Kazi yenyewe ilifanywa na watu waliokaa chini ya mti wakijua karatasi inasema nini.

Na sisi karatasi tunayo. Kodi ya mini, yaani sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018, inasema asilimia 15 ya mrabaha iende kwa manispaa, sekta au usultani wenye mgodi, na kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Kuna orodha ya ahadi ambayo kampuni inasaini pamoja na wakaaji. Ni karatasi kavu, haina ndege wala msitu unaong'aa. Yule kijana wa Kolwezi hakuwahi kusomewa. Kwenye chumba kile cha Katuba kulikuwa na wanafunzi wanne wa universite, mimi nikiwa mmoja wao, na aliyesema neno la maana kuliko wote alikuwa yeye.

Hukumu yangu njo hii. Avatar ina nguvu kuliko kundi la pili linavyokubali, na uzuri wake si wa kudharau: uliwafanya mamilioni wahisi, kwa saa mbili na dakika 42, uchungu wa kufukuzwa. Lakini ilimwacha nje mtu mgumu kuliko wote kumpenda, anayeomboleza kilima chake na huku anakichimba. Cameron ana haki ya kutomjua. Sisi tunakula naye bukari meza moja.

Wenye kamera, wenye kuandika, wanaotafuta somo la memwari: huyo mtu bado hana filamu yake. Na wewe uliyeitazama, ulipoona mti unaanguka ulikuwa upande wa nani? Na pale nyumbani, nani alilipa minervali yako? Andikeni chini hapa, tusomane.