Zagori: Shamba Linalonukia Mlima Mzima

Harufu ndiyo inayokupokea, hata kabla hujaona jani. Unashuka garini katika shamba hili dogo la kilimo hai, juu kwenye milima ya Zagori, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, na upepo unakuletea oregano, zaatari na kitu cha tatu chenye ukali wa limau kwa mbali. Jamani! Nimeona mashamba ya mitishamba mengi, lakini hakuna lililonisisimua hivi kwa kulitazama mara ya kwanza tu.

Na mahali penyewe! Zagori ni vijiji 46 vya mawe, na mwaka 2023 UNESCO iliitia mandhari yake katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hapa ndipo lilipo korongo la Vikos, lenye kuta zinazofikia kina cha mita 900 hivi. Katika magenge hayo walichuma wale waliojulikana kama madaktari wa Vikos, waganga wa mitishamba waliorithishana ujuzi wao na kusafiri na dawa zao katika nchi za Balkani, enzi za utawala wa Waothmani. Nyuma yao kuna Dioskorides, tabibu wa karne ya 1 aliyeandika kwa Kigiriki kuhusu mimea ipatayo 600. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya 9, na kwa karne nyingi kikawa mwongozo wa matabibu wa Ulaya na wa ulimwengu wa Kiislamu. Ukisimama kati ya matuta haya unaona elimu hiyo ikiwa bado hai, ina mizizi na inamwagiliwa maji!

Nyota wa shamba ni chai ya mlimani, ambayo kitaalamu ni Sideritis. Majani yake yana manyoya laini ya rangi ya fedha, maua ni ya manjano, na inapenda mawe, jua kali na baridi ya usiku. Huvunwa ikiwa imechanua, wakati wa kiangazi, kisha hufungwa matita na kuanikwa kivulini ili mafuta yake ya harufu yasipotee. Kuitengeneza ni rahisi ajabu: vunja vijiti vichache, shina, jani na ua kwa pamoja, uvichemshe sufuriani kwa dakika chache, chuja, tia asali. Kinywaji kinatoka na rangi ya dhahabu, laini, kisicho na uchungu wala kafeini. Kikombe kimoja hakitoshi!

Wala si sifa za wanywaji peke yao. Mwaka 2016 Shirika la Dawa la Ulaya liliitambua Sideritis kuwa dawa ya mitishamba ya asili kwa kikohozi cha mafua na kwa usumbufu mdogo wa tumbo. Utambuzi huo umejengwa juu ya matumizi ya miaka mingi. Bibi wa Kigiriki aliyemchemshia mjukuu wake anayekohoa ndiye shahidi mkuu.

Kisha kuna mitungi ya kioo juani. Ndani yake maua ya manjano ya Hypericum, ambayo Wagiriki huyaita valsamo, yamelowekwa katika mafuta ya zeituni. Wiki zinavyopita, mafuta yanageuka mekundu kama juisi ya rosela. Hupakwa kwenye ngozi iliyochubuka au kuungua kidogo. Kuyapaka ni jambo moja, kuunywa mmea wenyewe ni jingine: ukinywewa hupunguza nguvu za dawa nyingi, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za VVU. Anayetumia dawa yoyote amuulize daktari kwanza.

Lakini kinachonifanya nilipigie debe shamba hili kwa sauti kubwa ni jinsi linavyoulinda mlima. Chai ya mwituni imechumwa kupita kiasi sehemu nyingi za Ugiriki, na anayeing'oa na mzizi ameua mavuno ya mwakani. Hapa shina linakatwa juu ya mzizi, na mmea unachipua tena. Magugu yanang'olewa kwa mkono. Sheria za Ulaya zinataka miaka mitatu ya kusubiri kabla mazao ya kudumu kama haya kuitwa ya kilimo hai, na subira hiyo unaionja kikombeni.

Nenda Juni au Julai, maua yakiwa yamechanua. Barabara ni nyembamba na ina kona nyingi, hivyo ondoka mapema. Ukinunua, chagua tita zima lenye maua yake, acha kilichosagwa. Kwa mpenzi wa mitishamba, safari hii ina thamani ya kila senti. Tiba ya asili ikilimwa kwa heshima namna hii, wajukuu wataikuta, na mlima wataukuta pia!