Kimya cha Brutus

Mchezo wa Julius Caesar aliutunga Shakespeare, Mwingereza, nao ulichezwa mjini London katika mwaka 1599. Wasomaji wengi wa Kiswahili wameupokea kwa mkono wa Mwalimu Nyerere, aliyeufasiri kwa mashairi yasiyo na vina. Tafsiri yake ilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1963. Kisha akaisahihisha, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Tafsiri ile ilipotoka kwanza, mwenye kalamu alikuwa Rais wa Tanganyika, nchi iliyopata uhuru Desemba 1961; yaani mtu aliyejua kwa kukalia mwenyewe kwamba kiti cha mkubwa kina miiba.

Watu wakiuzungumza mchezo huu, aghalabu huzungumza kuuawa kwake Caesar, na hotuba ya Antony sokoni, iliyowageuza watu wa Roma kama upepo ugeuzavyo tanga. Hayo ni mema, nayo yamekwisha kusemwa sana. Mimi napenda msomaji aangalie jambo lisilo na kelele, nalo ni jinsi Brutus alivyokuwa akificha majonzi yake. Wanafunzi wangu, kila tunapofika hapo, humsifu: wasema huyu ndiye mwanamume, huyu ndiye kiongozi. Na mwenye kusoma upesi atakubaliana nao. Walakini naona mchezo wenyewe washuhudia kinyume.

Tuanze na usiku ule wa kuamkia Machi 15, mwaka 44 kabla ya Kristo. Brutus hapati usingizi. Azunguka bustanini mwake. Mkewe, Portia, amfuata gizani na kumweleza aliyoyaona: mume hali, halali, hasemi. Jana wakiwa mezani aliinuka ghafula akatembea huku na huku amekunja mikono, akiugua moyoni. Alipoulizwa, akamkazia mkewe macho makali na kupiga mguu chini. Brutus ajibu kwa neno moja tu, ya kuwa hajisikii vizuri. Portia si mtoto. Amwuliza, mgonjwa gani huyu aachaye kitanda na kujitia katika umande wa usiku? Ugonjwa huo u moyoni, naye kwa haki ya ndoa ataka kuujua. Hata amwonyesha jeraha alilojitia pajani kwa mkono wake mwenyewe, apate kujua kwamba aweza kuvumilia maumivu na kutunza siri.

Mke wa mwalimu mkuu, mke wa mchungaji, mke wa mwenyekiti wa kijiji, wote wamjua mume huyu. Barazani ana maneno ya kuwatuliza watu wote. Akifika nyumbani ni jiwe. Akiulizwa, ni kichwa tu chauma, au ni uchovu. Naye hasemi uongo kwa ubaya. Adhani anamhurumia mwenziwe asimtwike mzigo, wala haoni kwamba mwenziwe amekwisha kuubeba, tena aubeba gizani pasipo kujua ni mzigo wa nini.

Brutus alainika, aahidi kumweleza yote. Papo hapo mlango wagongwa, mgeni aingia, na mazungumzo yakatika. Mahali hapa ni pazuri kuliko watu wanavyodhani, maana ndivyo ilivyo siku zote: kila mara kiongozi akitaka kufungua kinywa, kuna mtu mlangoni mwenye haja yake. Asubuhi yake twaona kwamba Portia amekwisha kuyajua, kwa kuwa ahangaika, amtuma kijana mbio Barazani bila kumwambia akafanye nini. Lakini Shakespeare hakutuonyesha saa ile ya kuambiwa. Naona hilo ni pengo. Saa moja tu ya Brutus kunena wazi na mkewe ingalitufaa kuliko ngurumo nyingi za usiku ule.

Sasa twende Sardi, mji ule uliotajwa katika Ufunuo kati ya makanisa saba. Vita vimekwisha kuanza, na Brutus na Cassius wamepiga kambi huko. Wagombana vikali hemani juu ya fedha za askari, hata Cassius afunua kifua na kutoa kisu chake ili auawe. Wakiisha kupatana, Cassius astaajabu kwamba rafiki yake mpole aweza kukasirika hivyo. Ndipo Brutus amwambia: Portia amekufa. Kwa uchungu wa kuachwa, na kwa habari za nguvu za Antony na Octavius, alimeza moto. Cassius ashangaa jinsi yeye mwenyewe alivyookoka asiuawe katika ugomvi ule, naye amekusudia kulia pamoja na ndugu yake. Lakini Brutus amkataza asimtaje tena, ataka divai.

Waingia maakida wawili. Mmoja, Messala, ana barua za Roma: wakubwa 100 wameuawa, hali barua za Brutus zasema 70. Kisha, kwa kusitasita, Messala auliza kama Brutus amepata habari za mkewe. Brutus ajibu kwamba hana habari. Basi aambiwa kana kwamba hajui, naye apokea neno lile kwa utulivu mkubwa, akisema tu kwamba kila mtu hana budi kufa. Messala amsifu: hivyo ndivyo watu wakuu wavumiliavyo misiba mikuu.

Wataalamu wameshindana sana juu ya habari hii kutolewa mara mbili. Wengine hudhani Shakespeare aliandika upya mahali hapo, na maneno ya kwanza hayakufutwa, yakaingia katika chapa ya mwaka 1623. Yamkini. Lakini sisi twasoma kitabu kama kilivyo, na kama kilivyo, hapa pana mtu anayejifanya hajui msiba wake mwenyewe ili maakida wamwone ana nguvu. Cassius peke yake ajua, naye yu kimya. Sifa za Messala zaangukia kitu kisichokuwako. Nami nasadiki watu wengi wanaosifiwa uvumilivu katika makanisa na shule zetu husifiwa vivi hivi, na sifa hizo huwafunga zaidi, kwa kuwa mtu akiisha kuitwa mwamba, atalia wapi?

Na sasa angalieni yafuatayo, maana ndipo penye uzito. Pasipo kupumua, Brutus asema warudi katika kazi ya walio hai, je, twende Filipi? (Ndio mji ule ambao baadaye Mtume Paulo aliwaandikia waraka watu wake.) Cassius, aliye mzoefu wa vita kuliko yeye, atoa shauri la busara: tukae hapa, adui aje kututafuta, atachoka na kumaliza akiba yake, na sisi tutakuwa tumepumzika. Brutus ana hoja zake, wala si za kijinga: watu wa njiani hawatupendi, adui ataongeza jeshi kati yao. Cassius aomba asikilizwe, Brutus amkatiza. Waenda Filipi, na huko, mwaka 42 kabla ya Kristo, wote wawili wafa.

Sisemi kwamba kila aliyefiwa hukosa shauri. Nasema kwamba Shakespeare ameviweka vitu hivi viwili bega kwa bega, msiba uliofungiwa na mashauri yaliyokatwa kwa haraka, na mwandishi kama yeye haweki vitu hivyo kwa bahati. Wahenga wetu walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Katika Kutoka 18, Yethro alipomwona Musa ameketi toka asubuhi hata jioni akiamua watu peke yake, hakumsifu. Alimwambia atachoka kabisa, yeye na watu pia. Brutus hakuwa na mkwe wa namna hiyo. Cassius angaliweza kuwa yeye, lakini alinyamazishwa.

Usiku ule ule, Brutus amwomba kijana wake Lucius ampigie kinanda. Kijana asinzia katikati ya wimbo. Brutus hamkemei, amwondolea kinanda taratibu kisivunjike, amwacha alale. Katika mchezo mzima sioni huruma iliyo nzuri kuliko hiyo, naye bwana mwenyewe hajipi hata robo yake. Afungua kitabu kutafuta ukurasa alioukunja. Ndipo mzuka wa Caesar watokea. Ukiisha kutoweka, awaamsha walinzi, awauliza kama wameona kitu. Hawakuona. Basi awatuma kwa Cassius na agizo la kutangulia na jeshi mapema, wala habari ya mzuka hawapi wampelekee. Mtu wa kwanza kuambiwa ni Volumnius, huko Filipi, wakati Cassius amekwisha kufa.